Jazi Jukwaani, Nyota Kwenye Skrini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu onyesho la jazi linalopigwa moja kwa moja huku picha za anga zikionyeshwa kwenye skrini. Ni ya bendi ndogo (watu watatu hadi sita), mwendeshaji wa picha mmoja, projekta moja na ukumbi wa watu mia moja hadi mia tatu. Ukumbi ukiwa mkubwa zaidi, hesabu zitabadilika lakini matatizo ni yaleyale.

Tutengeneze filamu kwanza halafu bendi iifuate?

Hapana. Bendi ya jazi haipigi wimbo mmoja kwa urefu uleule mara mbili. Ukiwapa filamu ya dakika sita na mpiga saksofoni akanogewa kwenye solo, mtajikuta ama mnamkatiza, ama skrini imekwisha picha huku muziki ndio kwanza umepamba moto. Wanaolazimisha bendi ifuate filamu huwavalisha wanamuziki vipokea sauti vyenye mapigo ya mashine, na hapo uhai wa jazi umeshakwenda.

Andaa picha kama vipande ambavyo mwendeshaji anaweza kuvirefusha, kuvifupisha, kuvirudia au kuviacha. Yeye naye ni mwanabendi: anasikiliza, anasubiri zamu yake, na mara nyingine ananyamaza.

Ni picha ngapi zinatosha kwa onyesho la dakika 70?

Chache kuliko unavyodhani. Kwa nyimbo nane, vyanzo 25 hadi 30 vinatosha kabisa, na tunashauri nyimbo mbili kati ya hizo zipigwe bila picha yoyote. Kosa la kawaida ni kupitisha galaksi mia moja kama onyesho la slaidi za harusi. Kufikia ya arobaini watazamaji hawazioni tena, na mpiga piano hawamsikii pia.

Mpiga saksofoni John Coltrane na mpiga dramu Rashied Ali walirekodi mwaka 1967 vipande vilivyopewa majina ya sayari, kwa saksofoni na dramu na kengele ndogo tu. Anga za juu ni pana, na upana huo husikika vizuri pale panapoachwa nafasi.

Picha tunazipata wapi, na tunaruhusiwa kuzitumia?

Picha nyingi za NASA hazina hakimiliki nchini Marekani na unaweza kuzitumia hata kwenye onyesho la kulipia. Kuna mipaka mitatu. Nembo ya NASA usiitumie kama pambo wala kwa namna inayoonyesha kwamba wanakudhamini. Sura ya mwanaanga anayetambulika usiitumie kutangaza biashara bila ruhusa. Na baadhi ya picha zilizo kwenye tovuti zao ni mali ya watu wengine, hivyo soma maelezo chini ya kila picha kabla ya kuipakua.

Picha za ESO (shirika la Ulaya la darubini za kusini), na zile za ESA (shirika la anga la Ulaya) za darubini Hubble na Webb, kwa kawaida hutolewa kwa leseni ya CC BY 4.0: tumia, badilisha, hata uuze tiketi, mradi utaje chanzo kama kilivyoandikwa. Picha nyingine za ESA zina leseni tofauti, kwa hiyo usizichukulie zote kwa pamoja. Weka majina ya vyanzo kwenye skrini mwishoni au kwenye karatasi ya ratiba. Hifadhi jedwali lenye jina la faili, chanzo na leseni tangu siku ya kwanza, maana kuyatafuta hayo usiku wa kuamkia onyesho ni adhabu.

Kwa picha zinazotembea, hazina kubwa ni kitengo cha NASA kinachoitwa Scientific Visualization Studio, na chombo SDO kinacholitazama Jua tangu 2010. SDO hupiga picha za pikseli 4096 kwa 4096, na katika mionzi mingi hurudia kila sekunde 12 hivi. Saa 24 za Jua ni fremu 7,200, ambazo kwa fremu 30 kwa sekunde ni dakika nne kamili. Huo ni urefu wa solo mbili nzuri. Kwa safari ya moja kwa moja angani, programu za bure Stellarium na OpenSpace zinaendeshwa papo hapo, ingawa zinahitaji kadi ya picha yenye nguvu na mazoezi mengi ya mkono.

Upande wa muziki una leseni zake. Nyimbo za watunzi wengine zinahitaji kibali cha kupigwa hadharani, ambacho mara nyingi ukumbi huwa nacho. Lakini ukirekodi onyesho na kuliweka mtandaoni pamoja na picha, hicho ni kibali kingine kabisa, kinachotolewa na mwenye wimbo.

Mbona picha iliyokuwa inang'aa nyumbani imefifia ukumbini?

Kwa sababu picha za anga ni nyeusi kwa sehemu kubwa, na projekta haiwezi kutoa weusi. Inachoweza ni kuacha kumulika tu. Weusi unaouona kwenye skrini ni ule mwanga mwingine wa ukumbini unaoangukia hapo.

Tufanye hesabu. Skrini ya mita 5 kwa 2.8 ina mita za mraba 14. Projekta ya lumeni 6,000 (mwanga unaotoka) inaipa laksi 429 hivi (mwanga unaofika kwa kila mita ya mraba) mahali penye weupe kamili. Kama taa za jukwaa zinamwaga laksi 20 juu ya skrini hiyohiyo, sehemu angavu inazidi sehemu nyeusi mara 22 tu, na Njia Nyeupe inageuka uji. Punguza mwanga huo hadi laksi 4 na tofauti inafika mara 108. Yaani kuhamisha taa mbili kumekupa zaidi ya kile ambacho projekta ya bei mara mbili ingekupa. Programu ya kupima mwanga kwenye simu si sahihi sana, lakini inatosha kukuonyesha ni taa ipi inayoharibu.

Kinachosaidia, kwa mpangilio wa faida yake:

- Wanamuziki wamulikwe kutoka pembeni au kutoka juu kabisa, kamwe wasimulikwe kutoka mbele.
- Wakae angalau mita 2 mbele ya skrini, na ukingo wa chini wa skrini uwe juu ya vichwa vyao.
- Taa za kusomea nota ziwe na kofia, za rangi ya kaharabu, zikipunguzwa hadi mahali msomaji anapoona tu.
- Karatasi za nota ni nyeupe na zinarudisha mwanga kuliko watu wanavyofikiri. Zigeuze pembe kidogo, au tumia tableti zenye maandishi meupe juu ya weusi.
- Matoazi hutupa vimulimuli ukutani kila yanapopigwa. Wengine huvipenda, sisi tungesogeza taa.

Skrini ya kijivu husaidia weusi, ingawa inapunguza mwangaza pia. Ukuta wa LED ni habari nyingine: weusi wake ni mzuri, ila uupunguze hadi asilimia 15 au 20 ya nguvu yake, la sivyo bendi itabaki vivuli mbele ya dirisha.

Projekta iwekwe wapi?

Juu, ili miale ipite juu ya vichwa vya bendi. Kila lenzi ina uwiano wa umbali kwa upana: ukiwa 1.5 na skrini ina upana wa mita 5, projekta ikae mita 7.5. Pima kwa futi kamba kabla ya kukodi. Kunyoosha picha iliyopinda kwa kutumia menyu ya projekta kunapoteza pikseli na kuzifanya nyota ndogo zimemete hovyo, kwa hiyo nyoosha kwa kuisogeza projekta yenyewe.

Nyota zinatetemeka picha inaposogea polepole. Tatizo ni nini?

Nyota ndogo ina ukubwa wa pikseli moja. Picha ikisogea nusu pikseli kwa fremu, nyota hiyo inaruka kutoka pikseli hii hadi ile, na jicho linaona mtetemo. Weka ukungu hafifu wa nusu hadi pikseli moja, toa video kwa fremu 60 kwa sekunde badala ya 30, na hakikisha kompyuta, projekta na faili vyote viko kwenye kasi moja. Fremu 25 zikionyeshwa na projekta ya 60 zitakwamakwama hata kama kila kitu kingine ni sawa.

Kukuza picha nako kuna hila yake. Ukiongeza ukubwa kwa kiasi kilekile kila sekunde, safari inaanza kwa kasi kisha inaonekana kuchoka. Zidisha badala ya kujumlisha. Mfano: picha yenye upana wa pikseli 8,000 kwenye skrini ya 1920 inakubali kukuzwa mara 4.17 kabla haijaanza kupasuka. Ukitaka safari hiyo ichukue sekunde 64, zidisha kwa 1.0226 kila sekunde, na mwendo utahisika sawa mwanzo hadi mwisho.

Michirizi kama ngazi kwenye nebula (mawingu ya gesi angani) zenye giza inatokana na video ya biti 8 kukosa vivuli vya kutosha. Tia chembechembe hafifu, kama za filamu ya zamani, kabla ya kutoa faili. Kwenye kompyuta zinaonekana uchafu, ukumbini hazionekani kabisa.

Faili ziwe za aina gani?

H.264, njia ya kawaida ya kubana video, ni nzuri kwa kutuma na mbaya kwa kupiga. Inahifadhi tofauti kati ya fremu na fremu, hivyo ukiruka katikati, kurudisha nyuma au kubadilisha kasi, kompyuta inahangaika. Pia hufuta nyota ndogo kwa kuzidhania uchafu. Tumia kodeki (njia ya kubana video) ya Hap au Hap Q, ambayo kazi yake ya kufungua hufanywa na kadi ya picha. Gharama yake ni ukubwa: Hap Q ya 1920 kwa 1080 kwa fremu 60 ni takriban megabaiti 124 kwa sekunde kabla ya mgandamizo wa mwisho. Matabaka mawili yakipigwa kwa pamoja ni karibu 250. SSD ya ndani inabeba hayo bila shida, diski ya kuzunguka haibebi, na kijiti cha USB usikifikirie hata kidogo.

Kuhusu programu ya kuchezesha picha, Resolume inatosha watu wengi, QLab inafaa ukiwa na orodha ya vipindi inayofuatana, na TouchDesigner ni ya anayependa kujenga chombo chake mwenyewe. Chagua ile ambayo mwendeshaji anaijua. Onyesho si mahali pa kujifunzia.

Mwendeshaji atajuaje wimbo umefika wapi?

Kwa kuhesabu umbo la wimbo kama wanavyohesabu wanamuziki. Wimbo wenye vipimo 32, mapigo manne kila kimoja, una mapigo 128. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, duru moja ni sekunde 64. Kwa wimbo wa taratibu wa 60, ni sekunde 128. Bluzi ya vipimo 12 kwa mwendo wa 160 inamalizika ndani ya sekunde 18, kwa hiyo usipange picha mpya kwa kila duru, utawatia watu kizunguzungu.

Andika karatasi ya mwongozo kwa umbo la wimbo, bila dakika wala sekunde (kichwa ni melodi kuu ya wimbo; kubadilishana ni dramu na ala nyingine kupokezana vipimo vichache vichache): "kichwa cha wimbo: Mwezi, umesimama. Solo ya tarumbeta: kuukaribia duru ya kwanza, kubaki duru zote zinazofuata. Kubadilishana vipimo vinne na dramu: Jua. Kichwa tena: Mwezi, upande wa pili." Kila hatua iwe na kipande kinachoweza kujirudia bila mshono, maana hujui solo itakuwa ya duru mbili au saba.

Na mjulishe ishara za mikono. Kiongozi akigusa kichwa chake, wanarudi kwenye kichwa cha wimbo. Vidole vinne ni kubadilishana vipimo vinne vinne. Ngumi iliyofungwa kwa kawaida ni mwisho. Mwendeshaji anayekaa nyuma kabisa ya ukumbi huzikosa zote hizi, kwa hiyo mkalishe pembeni mwa jukwaa, anapoona mikono ya mpiga piano na pumzi ya mpiga saksofoni, akiwa na skrini ndogo ya kuonyesha kile watazamaji wanachokiona.

Picha ziruke kwa kila pigo la dramu?

Tafadhali, zisiruke. Programu za kutambua mapigo zimezoea muziki wa disko, ambako besi inagonga kila pigo. Kwenye jazi mapigo hukaa kwenye toazi, yanayumba kwa makusudi, na dramu ya chini inaingia pale isipotarajiwa. Programu itakisia vibaya, na ikikisia vizuri matokeo ni ya kuchosha.

Ukitaka picha iguswe na sauti, chukua mstari mmoja tu, kwa mfano besi, kwa maikrofoni yake au laini yake kutoka meza ya fundi sauti. Uzi wa chini wa besi uko hertzi 41, kwa hiyo sikiliza kati ya 40 na 120. Mwitikio upande ndani ya milisekunde 20 na kushuka ndani ya 400 au 500, kisha ufunge thamani hiyo kwenye kitu kidogo, kama mwangaza wa ukungu wa nebula kwa asilimia 10 hadi 15. Mtazamaji asijue kwa nini, ahisi tu kwamba picha inapumua.

Kanyagio la MIDI (linalotuma amri kwa kompyuta) chini ya mguu wa mpiga dramu ni njia bora zaidi. Anapotaka nyota zilipuke, anakanyaga. Mwanamuziki anaamua, mashine haikisii.

Je, kuchelewa kwa picha kunaonekana?

Kwa picha zinazoelea, hapana. Kwa mlipuko unaogongana na toazi, ndiyo. Kompyuta na projekta vikijumlishwa huchelewa fremu tatu hadi tano, yaani milisekunde 50 hadi 80, na watu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa 45 hivi. Washa hali ya mchezo kwenye projekta kama ipo, zima uboreshaji wote wa picha. Waliokaa nyuma wana nafuu: sauti inachukua karibu milisekunde 3 kwa kila mita, hivyo aliye mita 20 inamfikia ikiwa imechelewa 58, na kwake vitu vinalingana.

Kuna mambo ya angani yanayoweza kuwa muziki wenyewe?

Yapo, na hapa ndipo mradi unapoacha kuwa mapambo. Miezi mitatu ya Mshtarii, Io, Europa na Ganymede, imefungamana: Ganymede ikizunguka mara moja, Europa huzunguka mbili na Io nne. Mpe besi duru ya Ganymede, piano ya Europa, toazi ya Io, na onyesha miezi ikizunguka kwa mwendo huohuo. Ukitaka kitu kigumu zaidi, sayari saba za nyota TRAPPIST-1, ambazo idadi yake ilitangazwa 2017, zina uwiano wa mizunguko, kila moja na inayofuata, wa karibu 8 kwa 5, 5 kwa 3, 3 kwa 2, 3 kwa 2, 4 kwa 3 na 3 kwa 2 kutoka ndani kwenda nje. Mpiga dramu mzuri atakushukuru. Wa kawaida atakukimbia.

Pulsa (nyota mfu inayozunguka na kutoa mipigo ya redio) iitwayo PSR B0329+54 hupiga kila sekunde 0.7145, sawa na mapigo 84 kwa dakika. Ni mwendo wa kutembea kabisa. Wacha ipige peke yake gizani kwa vipimo vinne, besi iingie juu yake, kisha uizime kabla bendi haijaanza kuyumba, kwa sababu pulsa haimsubiri mtu.

Mawimbi ya shinikizo kwenye gesi ya kundi la galaksi la Perseus yana noti ya si bemoli, oktavu 57 chini ya do ya katikati ya piano. Mwaka 2022 yalipandishwa oktavu 57 na 58 ili yasikike. Kwa bendi yenye tarumbeta na saksofoni ya tena, ala zote mbili zikiwa za si bemoli, hiyo ni sauti ya chini ya kushikilia iliyokuja yenyewe.

Tuwaambie watazamaji kwamba rangi si za kweli?

Semeni ukweli kwa sentensi moja kwenye ratiba. Webb huona infraredi, ambayo jicho haliioni. Mawimbi mafupi hupewa buluu, marefu nyekundu. Picha nyingi maarufu za Hubble hupaka salfa nyekundu, haidrojeni kijani na oksijeni buluu. Rangi hizo zina maana na hazikubuniwa ovyo, lakini ukifika pale kwa chombo usingeziona hivyo. Michoro ya wasanii ya sayari za mbali isichanganywe na picha halisi bila kusema. Siku zote huwa kuna mwanafunzi wa fizikia safu ya tatu.

Tukipiga ndani ya kuba la sayari (ukumbi wa kuba wa kuonyeshea nyota)?

Picha iandaliwe kwa umbo la duara, pikseli 4096 kwa 4096, na mwendo wote upunguzwe nusu, kwa kuwa picha inayomzunguka mtu humtia kichefuchefu haraka. Tatizo kubwa ni sauti: kuba hukusanya mwangwi na kuurudisha mahali pamoja. Dramu ipigwe kwa brashi, spika ziwe nyingi na za sauti ndogo, na mjaribu kukaa kwenye viti tofauti kabla ya kukubali mahali pa bendi.

Mngurumo umeingia kwenye spika tulipounganisha kompyuta. Tufanye nini?

Huo ni mzunguko wa ardhi, yaani umeme unaozunguka kupitia nyaya za ardhi, kati ya umeme wa video na wa sauti. Pitisha sauti ya kompyuta kwenye kisanduku cha DI chenye transfoma inayotenganisha umeme wa vifaa hivyo, na kama laini ya video ndiyo inayoleta, tumia kebo ya HDMI ya nyuzi za mwanga. Usikate pini ya ardhi ya plagi. Watu hufanya hivyo, mngurumo unaisha, na mpiga gitaa anabaki ameshika umeme.

HDMI ya shaba ikizidi mita 10 inaanza kukatikakatika. Kwa umbali mrefu tumia SDI (kebo ya video ya kitaalamu) au vigeuzi vinavyotumia kebo ya mtandao ya Cat6. Zile za nyuzi za mwanga zina upande wa kuingilia na wa kutokea: ziangalie kabla ya kuzibana darini.

Mwanga wa ghafla una hatari?

Ndiyo. Usizidishe mimweko mitatu kwa sekunde moja, hasa ya nyekundu, kwa ajili ya wenye kifafa, na weka tangazo mlangoni. Jua jeupe likijaza skrini ghafla pia huwapofusha wanamuziki kwa sekunde kadhaa, na nota hazisomeki. Lipandishe kwa sekunde tano au zaidi, au waonye.

Kompyuta ikizima katikati ya wimbo?

Bendi iendelee kupiga, na hilo liwe limekubaliwa kabla. Weka kichezeshi kidogo cha pili chenye kipande kimoja cha nyota kinachojirudia, kimeunganishwa kwenye swichi ya HDMI mezani kwa mwendeshaji. Kubonyeza mara moja, picha iko. Wengi hawatagundua.

Kabla ya watu kuingia: zima masasisho, arifa, kilinda skrini na Wi-Fi, fanya mandhari ya kompyuta kuwa nyeusi tupu, ili programu ikianguka watazamaji wasione picha za familia, washa projekta kwanza kisha kompyuta, la sivyo kompyuta itachagua ukubwa wa picha usio sahihi. Kama projekta ina kifuniko cha lenzi kinachofungwa kwa rimoti, rimoti hiyo ikae mfukoni mwa mwendeshaji, na betri mpya ndani yake.